Baba, Niliitoa Gurupu Yako

Alhamisi

Baba,

Amahoro huko uliko. Ni miye, Mwajuma. Ninaandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya boneti ya ile gari ya buluu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Unajua shule niliachia mwaka wa sita, basi usiangalie sana makosa. Nina neno la kukwambia, lakini nikilitoa mara moja nitalia, na mutoto akiniona ninalia naye analia. Acha nianze na mengine.

Mutoto ni musichana. Ulikuwa unasema ni mwanaume, ati tumbo limekaa juu. Ulikosea. Alizaliwa wiki sita baada ya kukuzika, anaitwa Zuhura. Ana miezi minane, ana meno mawili, na amechukua masikio yako, yale ya kusimama kama milango ya taksi iliyosahauliwa wazi. Baba yake, Hamisi, ni muzima, anaenda ziwani, ndagala iko kidogo. Maji yamepanda tena, yameingia mpaka kwa fundi wa baiskeli kule chini. Huku kwetu bado. Garaji imesimama, na tumeweka umeme.

Sasa ndiyo hilo neno. Tulipoweka umeme, niliitoa gurupu yako, lile jenereta.

Ngoja, usikasirike. Nilikuwa nimetoka kujifungua. Wewe hauko. Na lilikuwa limekaa pale nyuma, kila nikipita linanuka mikono yako, nashindwa hata kuchukua maji. Mama Spesi wa Kizuka, yule wa mashine ya kukamua mawese, akaja akasema anaitaka, atanipa cherehani. Nikakubali siku ileile. Ninashona sare za shule, tunakula. Nilifikiri nimefanya akili. Hata wazee wa Buloni, wenzako wa muziki, walinisifu, wakasema mutoto wa Ramazani ana kichwa.

Nitaandika yote, Baba, hata yale unayojua, kwa sababu siku moja Zuhura atajua kusoma na hakukuona.

Zuhura, babu yako alikuwa fundi wa magari hapa Rumonge, na alikuwa na orkestra. Walikuwa wane. Yeye kwenye gitaa. Saidi kwenye gitaa ingine, iliyofungwa waya za breki kusudi itoe sauti nene. Tonton Lazaro kwenye pipa la mafuta na rimu mbili za gari alizotundika kwa kamba. Baba Mudogo Shabani kwenye sauti. Walianza siku moja gari ya mutu ililetwa na kaseti imekwama ndani ya redio. Spea ilichelewa miezi miwili. Miezi miwili hiyo kaseti ilikuwa inazunguka, muziki wa wazungu wa kupiga kelele, gitaa zinakwaruza, hakuna aliyejua ni nani anaimba wala anasema nini. Gari ilipoondoka, wakabaki na kiu. Ndipo wakatengeneza yao. Wakajiita Buloni, kwa sababu ya bulo, zile bolti za magari, walizokuwa wanafungua mchana kutwa.

Walipiga harusi Kigwena, nyani wakakimbia msituni. Walipiga Gitaza katikati ya vichanja vya ndagala. Vita vilipokuja walikimbilia Tanzania, na kule kambini Baba alitengeneza gitaa na kopo la mafuta ya msaada. Waliporudi, garaji haikuwa na bati hata moja, na kitu cha kwanza walichofanya si kuezeka. Walipiga. Watu wa Bujumbura walicheka, wakasema hiyo si muziki, hiyo ni ajali ya lori. Wewe, Baba, ukawajibu, "Sawa. Lakini umesimama kuangalia."

Miaka yote hiyo hamukurekodi hata wimbo mumoja. Ulikuwa unasema mutarekodi mukishajua kupiga.

Baba, sasa Shabani ana uvimbe kwenye shingo. Jumatatu wanamupasua Bujumbura. Daktari amemwambia bila kuzunguka: sauti inaweza isirudi. Kwa hiyo Fabrice, mutoto wa dada yake Lazaro, anakuja Jumamosi na mikro na kompyuta kuwarekodi. Ana esansi, petroli, ya kuja na kurudi tu, na esansi siku hizi unaijua, watu wanalala kwenye foleni. Hakuna Jumamosi ingine. Ama sauti ya Buloni inashikwa keshokutwa, ama inakwenda.

Na sauti haiko.

Wiki mbili wanajaribu. Umeme wa laini ni muzuri, spika haziguni, gitaa yako mikononi mwa Saidi inatoka safi kama kengele ya misa. Na haiko. Shabani akifika juu, sauti inakatika. Wakishusha nyuzi amufikie, gitaa na spika zinagombana, kama watu wawili wanaotaka kupita mulango mumoja. Jana wametukanana. Lazaro anasema, "Shabani, unaimba kama mbuzi ameshikwa muguu!" Shabani anasema, "Na wewe unapiga hilo pipa kama limekutukania mama!" Saidi, unamujua, huyo hasemi. Aliiweka gitaa chini polepole, akasema, "Ramazani amekwenda nayo. Tumwambie kijana asije." Wamepeana mpaka kesho jioni. Kama haijarudi, Fabrice anapigiwa simu.

Miye nilikuwa upande wa pili wa ukuta, ninashona kola. Nikachoka, nikaegemeza kichwa. Baba, ukuta ulikuwa kimya. Ule ukuta wa kitanda changu cha utoto haujawahi kunyamaza Buloni wakiwa wanapiga. Gurupu ilikuwa nyuma yake, na ulikuwa unaiendesha polepole isikule esansi, na mulio wake ulikuwa unapita kwenye matofali mpaka kwenye meno yangu. Mmmm. Kila spika ilikuwa inaguna hivyohivyo kabla mutu hajagusa kitu. Mwingine angetafuta dawa ya kuondoa ile guno. Wewe ulikaza nyuzi za gitaa zote zikubaliane nayo. Ndiyo maana yule kijana wa tarumbeta aliyetoka Bujumbura alishindwa kuingia hata wimbo mumoja, akarudi na tarumbeta yake. Muliimba chini kuliko watu wote kwa sababu ya gurupu ya polepole. Na zile amplifaya zilikuwa zinakwaruza kwa sababu hazikupata umeme wa kutosha. Nilikuwa mudogo, nikakuuliza kwa nini usiongeze moto, ukasema, "Usiishibishe, Mwajuma. Ikishiba itasinzia."

Uliniambia. Miye ndiye uliyeniambia, na miye ndiye niliyeitoa.

Wazee hawajui. Wanafikiri kosa ni mikono yao, ni uzee. Nasikia sasa hivi wanafungua mulango wa garaji. Acha niende niwaambie kabla sijageuza miguu.

Ijumaa

Baba, niliwaambia.

Shabani alikaa juu ya tairi akashika shingo. Lazaro akalipuka: "Yaani tumetukanana wiki mbili, kumbe mwenye kosa ndiye anatuletea chai!" Nikataka ardhi inimeze. Saidi akasema, "Lazaro, wewe mwenyewe uliibeba ile gurupu kwenye kamioneti. Ulisema Mungu ashukuriwe, mugongo utapona." Lazaro akasema, "Nilisema, ndiyo." Halafu akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Hakuna aliyejua, Baba. Watu wazima watatu. Walikuwa wanakaza nyuzi wakifuata gitaa yako, na wewe ulikuwa unafuata gurupu, na hukuwahi kuwaambia. Ama uliwaambia wakafikiri ni mzaha wako. Kwa hilo nimekukasirikia kidogo leo, nikiwa njiani, na siombi radhi.

Nilikwenda Kizuka kwa baiskeli ya kukodi, Zuhura mugongoni. Mama Spesi alikuwa amesimama katikati ya rundo la matunda ya michikichi, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Cherehani imekufa?"

"Hapana, Mama. Inashona vizuri, asante, murakoze."

"Basi unataka nini kwangu?"

Nikamweleza. Alinisikiliza, kinywa wazi. "Mulio? Mwajuma, unataka kuazima mulio?"

"Mulio na gurupu yake, Mama. Siku moja."

"Unaona haya matunda? Yamekatwa tangu Jumatano. Yakikaa, mafuta yanakuwa machungu, nitamuuzia nani?" Zuhura akanyoosha mukono akashika hereni yake, hataki kuiachia. Mama Spesi akawa anamutoa vidole kimoja kimoja, na akiwa anamutoa akasema, bila kuniangalia, kwamba kaka yake aliimbiwa na Shabani siku ya harusi. Halafu akasema, "Kesho, mpaka saa sita mchana. Na ninakuja nayo. Kitu changu hakilali kwa watu." Nikapiga magoti pale kwenye makapi.

Lakini Baba. Nilikwenda kuiangalia. Fundi wake ameitengeneza. Ule mupira wa baiskeli uliokuwa umefunga kwenye kijiti cha kuongeza na kupunguza mbio, hauko. Wameweka springi mupya. Inakimbia kama pikipiki. Mama Spesi anajivuna, ati, "Zamani ilikuwa kama muzee wa pumu, sikia sasa!" Nikasema, "Ni nzuri, Mama." Nilitaka kulia.

Na esansi ni juu yetu. Hamisi ameomba kwa wenzake wa mutumbwi, wamemupa nusu ya bido ndogo, ile dumu ya lita tano. Basi ni hiyo.

Jioni wazee waliniuliza, tumupigie Fabrice simu? Nikasema sijui. Lazaro akasema, "Aje. Akikuta kelele, atarekodi kelele."

Jumamosi

Ni saa tisa mchana. Wamekwenda wote. Nitaandika haraka kabla haijanitoka.

Fabrice alifika saa tatu, matope mpaka kwenye vioo, barabara imeharibika tena upande wa Gitaza. Kijana ana adabu, anawaita wote tonton, yaani mjomba. Mama Spesi alifika juu ya kamioneti, amekaa juu ya gurupu yenyewe kama kuku. Fabrice alipoona tunaiingiza pale nyuma ya ukuta akashituka, "Tonton, hiyo itaingia kwenye mikro!" Lazaro akamwambia, "Ndiyo tunataka iingie. Wewe fungua hiyo mikro yako na unyamaze."

Tukazima umeme wa laini. Saidi akavuta kamba, gurupu ikawaka, ikapiga kelele juu, juu sana. Spika zikaanza kulia kama mbu. Saidi akarudisha kijiti nyuma, akakifunga na waya. Waya ukateleza. Akafunga na kitambaa. Kikateleza. Ile springi ina nguvu, Baba, haitaki, na muda wa kuifungua hauko. Saa nne ikapita. Kila dakika ilikuwa inakula esansi yetu, na miye nilikuwa ninaangalia ile bido kama mutu anayeangalia mugonjwa.

Halafu Saidi akauliza, "Na tukiishusha, tunaishusha mpaka wapi? Nani anaujua mulio?"

Lazaro akaguna wake. Shabani akaguna wake. Saidi wake. Milio mitatu, hakuna ulioshabihi mwenzake, na kila mutu anaapa kwa Mungu ndiyo huo! "Miye nilisimama karibu naye miaka yote!" "Ulisimama karibu na pipa, masikio yameshakufa!" Fabrice ametoa vile vitu vya masikio, anatuangalia. Mama Spesi amekaa juu ya ndoo, amemupakata Zuhura, anasema kwa sauti saa zinakwenda, matunda yangu yanaoza.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingeweza. Niliingia kule nyuma, nikamwambia Saidi, "Baba Mukubwa, nipishe," nikashika kijiti na mukono wa kuume, nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta, nikafunga macho. Nikakivuta polepole. Kelele ikashuka. Bado si hapo. Ikashuka. Kule ndani nilisikia mutu anasema huyu mutoto anafanya nini. Ikashuka tena, mota ikawa inapumua nzito, na taa ya garaji ikawa nyekundu, na nikangojea. Nilikuwa ninaomba tu isizimike. Halafu mulio ukaja. Kwenye meno ya juu, upande wa kushoto, kama zamani nikiwa na miaka saba na nimekataa kulala. Nikapiga kelele, "Hapo!"

Saidi akakimbia ndani, akagusa uzi mumoja wa gitaa yako, akakaza, akagusa tena.

Ikakaa, Baba. Gitaa na guno zikawa kitu kimoja na amplifaya ikakwaruza ile sauti yake, ile ya bati linaloburutwa kwenye kokoto. Kisha nikamusikia Shabani kupitia ukuta, taratibu kabisa: "Mwajuma. Usiachie."

Sikuachia.

Sikuwaona wakipiga. Niliona ukuta. Ile springi ilikuwa inanivuta, na mota ikipata moto inataka kukimbia, ikichoka inataka kulala, na mukono wangu lazima ufuate kila mara, kidogo huku, kidogo kule. Nimejua leo kwa nini ulikuwa unaondoka katikati ya wimbo unakwenda nyuma unarudi. Nilifikiri unakwenda kukojoa.

Wimbo wa kwanza. Wa pili. Rimu za Lazaro zilikuwa zinapiga mpaka vumbi linaanguka kutoka kwenye bati. Shabani hakukatika hata mara moja, kwa sababu hakuna mahali pa juu pa kupanda. Ulishamujengea nyumba ya kimo chake. Wa tatu, wa nne. Vidole vyangu vikafa ganzi, nikashika na mikono miwili. Mama Spesi akaja kupima esansi ndani ya tanki na kipande cha fimbo, Zuhura kwenye kiuno, mutoto mwekundu wa mawese mpaka nyusi. Akaniinulia kidole kimoja. Yaani kimebaki kidole kimoja.

Wakaanza wa tano, ule wa kufungia, ule muliokuwa munawarudishia watu wa harusi nyumbani. Nilitaka kupiga kelele wasianze, haitafika. Lakini kelele ingeingia kwenye mikro. Nikavuta.

Haikufika. Walikuwa mwishoni mwishoni, Shabani anarudia yale maneno ya mwisho, gurupu ikakohoa. Nikasukuma kijiti chote, haina kitu cha kunywa. Mulio ukaanza kuzama. Nikasema, imekwisha, nimewaharibia, Shabani anakwenda kwenye kisu na wimbo nusu.

Na wao, Baba, wakazama nayo. Sijui nikuambieje. Saidi akalegeza nyuzi akiwa anapiga, zinashuka pamoja na mota. Lazaro akawa anachelewesha pigo, moja, halafu jingine mbali, halafu jingine mbali zaidi. Na Shabani akaishusha sauti, chini, chini, mahali sijawahi kumusikia, mpaka ikabaki pumzi, na gurupu ikazimika na yeye akanyamaza palepale. Kumbe walikuwa wanajua. Kumbe miaka yote esansi ilikuwa inaishia kwenye harusi za watu na nyinyi mumejifunza kushuka pamoja.

Fabrice akasema, "Mikro ilikuwa na pili zake, betri zake, imeshika mpaka mwisho... Tonton, tutafute esansi tuurudie mwisho?"

Lazaro akasema, "Mwisho ni huo."

Akaja nyuma ya ukuta, akaniona nimekaa chini, mikono imejikunja haifunguki. Nilingojea neno la mzaha. Akanifungua vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja. Akasema, "Shabani akipona ama asipopona, Buloni inapiga. Mama Spesi anakwenda misa kila Jumapili, mashine yake haikamui. Jumapili saa nane uwe hapa. Usichelewe, Ramazani hakuwa anachelewa." Mama Spesi akasema, "Mimi nimekubali lini?" Lakini alikuwa anacheka, na gurupu ilikwenda naye bila ile springi. Saidi aliitoa, akafunga mupira.

Fabrice amenitilia nyimbo zote tano kwenye simu. Jumatatu ninamusindikiza Shabani Bujumbura, Hamisi amekubali. Nitakaa nje ya mulango wa chumba cha kupasulia. Akiamka, kabla hajajaribu kusema neno, kabla hajaogopa, nitamuwekea simu kwenye sikio. Ikirudi sauti, sawa. Isiporudi, atajua haikupotea.

Basi Baba, nakuaga. Sijui kama unasikia, masheikh wanasema yao na miye nina yangu. Ninakuahidi hivi: mulio wako ninaushika, Jumapili kwa Jumapili, mpaka Zuhura awe na mukono wa kutosha kukivuta kile kijiti, na nitamuambia kwa mudomo wangu, nisimuache akisie. Pumzika. Mutoto anakusalimia, ananyonya. Na hizi herufi usizicheke. Vidole bado vinatetemeka kama mota, vinakataa kutulia, na miye sivilazimishi.

Mwajuma wako